Ukuta wa Upande wa Mvua

Wateja walimwita Mama Futi kwa sababu futi hakuwa na haja nayo. Aliutazama ubao ukiwa umelala juu ya unga wa randa, akataja urefu wake, na seremala mbishi akitoa mkanda wake kupima, aliishia kuukunja kimya kimya na kuurudisha mfukoni. Wapo walioapa kwamba hata wao alishawapima kwa macho, na kwamba siku wakifa mtengeneza majeneza hatahangaika, aende tu yadi akaulize. Yeye akisikia hivyo alicheka kwa pua, kama anayezuia chafya, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Yadi yenyewe ilikuwa nyuma ya stendi ya malori, na mji ulikuwa mgongoni mwa mlima, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angepita tu akienda zake. Lakini watu walishajenga, basi. Mvua ya huko haikunyesha kutoka juu kama mvua za watu wengine. Ilikuja kwa ubavu, imebebwa na upepo kutoka magharibi, ikapiga ukuta mmoja wa kila nyumba na kuziacha kuta nyingine tatu zikiwa kavu. Msimu wa mvua ukiisha, jua lilichoma mpaka rangi ikajikunja milangoni. Katikati ya hapo kulikuwa na ukungu, na mara nyingine mvua ya mawe. Kwa hiyo kila aliyejenga, akishamaliza paa, alikuwa na swali moja tu: huu ukuta wa upande wa mvua niuvike nini?

Wengi walikwenda kumuuliza Mama Futi, na hakuwahi kumumunya maneno. Mwenye haraka alimwambia apige mabati ya kusimama, ila akubali kelele, na akubali kupaka rangi kabla kutu haijamtangulia. Mwenye subira alimpeleka kwenye rundo la mtarakwa pale kona, mbao nyekundu zenye harufu nzuri, akamwonyesha namna ya kuzilaza moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki na kuacha nafasi nyuma yake hewa ipite. Aliyetaka msonobari kwa kuwa ni mweupe na unapendeza, alimwambia anunue, ila asije kumlaumu. Na wale waliotoka dukani na vibao vya plastiki vya kung'aa aliwaonea huruma ya kweli, maana jua la pale lilivipinda kama ndala zilizosahauliwa uani.

"Na wewe kwako umeweka nini?" mgeni mmoja mmoja aliuliza, kwa kutojua.

Hapo Mama Futi aligundua kwamba kuna lori linataka kurudi nyuma na dereva haoni vizuri, akaenda kulielekeza. Wenyeji hawakuuliza. Wenyeji waliujua ukuta wake.

Ulikuwa mweusi. Kwa mbali ungedhani nyumba ilinusurika moto. Kwa karibu uliona kwamba ni plasta, lakini plasta ya kwanza tu, ile nene ya chini, na kwamba imejaa mikwaruzo ya mawimbi toka kona hadi kona. Mafundi wote hukwaruza hivyo. Plasta ya kwanza ikiachwa laini, ya pili haishiki, inateleza na kudondoka. Basi fundi huchukua kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari, anakivuta juu ya plasta mbichi, anaiacha ikauke na majeraha yake, kisha anarudi kuyafunika. Mume wa Mama Futi alikuwa fundi wa kazi hiyo. Walimwita Fundi Kioo, kwa sababu kuta alizomaliza ziling'aa bila rangi, na watu walipitisha viganja juu yake kama wanampapasa ng'ombe. Kuta hizo zilikuwa mji mzima, isipokuwa kwake. Kwake angemaliza akipata nafasi, na nafasi yenyewe aliipata Jumamosi moja, akapiga plasta ya kwanza upande wa mvua, akaikwaruza huku akipiga mluzi, akasema wiki ijayo namalizia. Wiki iliyofuata jukwaa lilivunjika kwenye nyumba ya mtu, naye akiwa juu.

Kwa hiyo alichobaki nacho mke wa fundi mlainishaji kuliko wote ni ukuta wa kukwaruza. Baada ya matanga mafundi wenzake wa marehemu walikuja na ndoo zao wakitaka kumalizia, bure. Aliwapa chai, akawashukuru sana, akawaambia bado. Alikuwa anatoka asubuhi kwenda yadi, anasimama pale, anaweka vidole vyake kwenye mikwaruzo na kuifuata inavyopanda na kushuka. Pale mkono wa mumewe ulichoka. Pale aligeuka, labda kumwambia kitu. Kwake ule ulikuwa mwandiko, na mtu hafuti mwandiko wa mume wake kwa mwiko wa mtu mwingine.

Mvua ilipoanza kuula, alifanya alichojua. Nguzo za uzio na mbao za nje yeye alizipaka oili chafu ya malori, na nguzo zake zilisimama miaka wakati za jirani zimeoza. Basi alichukua kopo gereji, akapanda ngazi, akaupaka ukuta wa mume wake oili chafu, taratibu, brashi ikiingia katika kila mkwaruzo. Maji yakawa yanateleza juu yake. Alisimama chini kwenye mvua akiyaangalia yanavyoteleza, akafurahi. Na kila kiangazi kilipokaribia kwisha alipanda tena ngazi na kopo lake. Ingekuwa nguzo, ingemshukuru. Lakini aliyeolewa na fundi plasta miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mumewe kama plasta nayo hupakwa oili, na huyo wa kuulizwa hakuwepo tena.

Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba alilala mama mkwe.

Bibi huyu alikuwa amekuja kumzika mwanawe, akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki na hakuna aliyemwambia aondoke. Walizoeana wale wanawake wawili kama vyombo vya kabati moja. Mmoja alipika, mwingine alichambua. Mmoja alileta habari za yadi, mwingine alizikosoa. Mama Futi hakujaliwa mtoto, na kwao walishakufa wote, na siku nyingi mtu pekee aliyemwita kwa sauti isiyotaka mbao alikuwa huyo bibi.

"Umekula?" bibi angeuliza kabla Mama Futi hajavua viatu.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Na kabla hajapata la kutaja, bibi alikuwa ameshafunua sufuria.

Chumba kile kilikuwa kibaya, na Mama Futi alikijua kuwa ni kibaya. Kona ya chini ilikuwa na kuvu la kijani lililorudi kila likifutwa. Nguo zilinuka unyevu. Zaidi ya mara moja alisema, "Mama, hamia kwangu huku mbele, kukavu. Mimi nitalala huko."

"Nani alale kitanda changu?" bibi alijibu. "Mimi mifupa yangu ni ya zamani, haiti kutu. Lala kwako." Na asubuhi, akitoka na kanga yake mabegani, aliuliza kama kawaida, "Ukuta wako umeamkaje?"

Mama Futi alimwelewa hivi: mama mzazi anataka kulala karibu na kazi ya mwisho ya mwanawe. Ni haki yake. Angemtoaje? Akampelekea blanketi jingine.

Kulikuwa pia na mlio. Chumba kile kilikuwa na mlio mdogo mzito, dufu, dufu, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye godoro nyumba ya pili. Mama Futi akiusikia alfajiri alidhani ni bati limelegea. Alimwita mtu akapanda juu, akapigilia misumari mipya. Mlio ukaendelea. "Upepo tu huo, mwanangu," bibi alimwambia. "Unapiga bati." Akaridhika, maana upepo wa pale haukuwa mgeni.

Wifi ndiye aliyekata mzizi wa hayo yote. Huyu alikuwa binti wa bibi, dada wa marehemu, akiishi mji wa chini kwenye joto, katika jengo la ghorofa, familia nyingine juu yake na nyingine juu ya hao. Alikuja kusalimia mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa mtu wa vitendo: hakuwa ameketi dakika mbili akaingia chumbani kwa mama yake kutandika, akainua godoro. Upande wa ukutani ulikuwa mweusi na umelowa. Alitoka nje na kumkuta Mama Futi anaanua nguo.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi kaka yangu nilimpenda. Wewe unajua. Lakini mama analala kwenye maji."

"Najua, wifi. Natafuta cha kufunika ule ukuta."

"Tangu lini?"

Mama Futi aliendelea kukunja shuka.

"Sikuja kugombana," wifi alisema. "Ila nakuambia leo, usije ukasema sikukuambia. Mvua zikianza na ukuta uko hivyo, nakuja kumchukua."

Wifi aliondoka. Mama Futi alimwangalia bibi anachambua mboga mlangoni, akiimba wimbo usio na maneno. Angeondoka huyu, nani angemuuliza kama amekula? Alijiapia kwamba kabla tone la kwanza halijaanguka ukuta utakuwa umevikwa.

Basi yule aliyewachagulia watu wote akaanza kujichagulia. Kwa mara ya kwanza aliteseka kama wateja wake. Plasta ya pili aliikataa kabla hajaifikiria; ingeingia kwenye mikwaruzo na kuijaza, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mabati alikwenda kuyatazama kwa muuza mabati, rafiki yake wa kutaniana, mzee mwenye tumbo na miwani iliyofungwa kwa waya.

"Leo umekuja kununua kwangu?" mzee alisema. "Ngoja nikae chini kwanza."

"Usicheke. Bati zito kabisa lipi?"

Alimwonyesha. Mama Futi aligonga kwa kidole na kusikiliza, akamfikiria bibi ndani yake wakati wa mvua ya mawe, mtu ndani ya debe. Akaliacha. Mawe ya kubandika yalikuwa mazuri, ila hayabandikwi bila saruji, na saruji ingemeza kila kitu. Vya plastiki hakuvitazama hata kwa bahati mbaya.

Yakabaki mawazo ya mbao, na alipoyafikia alishangaa amechelewaje. Mtarakwa, magamba ya samaki. Mbao hazigusi ukuta. Zinashikwa na papi, vile vipande vyembamba vya kupigilia kwanza, na nyuma yake panabaki nafasi ya kiganja. Mvua itapiga mbao. Na mikwaruzo itakuwa humo nyuma, gizani, haionekani lakini ipo, haijaguswa. Aliwaza hivyo akajisikia mwepesi. Alichagua mbao mwenyewe, moja moja, akaziondoa zenye fundo na zenye ufa, akazigeuza juani na kuzinusa. Mteja mmoja aliyeziona akataka kuzinunua zote alifukuzwa vibaya.

Wa kupigilia alimchagua pia. Alikuwa fundi mmoja mtu mzima aliyefundishwa kazi na Kioo mwenyewe, na aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Kazi yake ilikuwa plasta, lakini kupigilia papi hakumshindi. Mama Futi alimtaka yeye kwa kuwa angeugusa ukuta ule kwa heshima.

Kofia alifika, akauzunguka ukuta, akaweka sikio lake juu yake na kugonga kwa vifundo vya vidole. Akagonga juu, akagonga chini. Kisha akavua kofia. Ni hapo Mama Futi alipoogopa.

"Mama," alisema. "Huu umepakwa nini?"

"Oili. Kila mwaka. Ili maji yasiingie."

Kofia aliigeuza kofia mikononi. "Maji yanaingilia juu, pale paa linapokutana na ukuta. Na hizi nyufa. Yakishaingia, ukuta wa kawaida ungeyatoa nje jua likiwaka. Huu umezibwa na oili. Kwa hiyo yanatoka upande mwingine."

Upande mwingine ulikuwa chumbani.

"Pigilia mbao," Mama Futi alisema. "Mbao zitazuia."

"Zitazuia mvua mpya. Haya yaliyomo yatakaa. Na haishiki, mama, sikia." Aliweka msumari na kuupiga mara moja, pole pole. Plasta ilitoa sauti ya chungu kilichopasuka, na kipande cha ukubwa wa sinia kikateleza kikaanguka miguuni pao. Nyuma yake matofali yalikuwa meusi kwa maji na yalikuwa yanatoa jasho. "Imeshaachia yote. Inashikiliwa na mazoea tu. Tubomoe mpaka kwenye tofali, tuliache likauke, tupige plasta upya, mbili, kama inavyotakiwa. Wiki chache tu za jua. Jua bado lipo."

Mama Futi aliinama, akaokota kile kipande kwa mikono miwili. Mawimbi matatu kamili yalikuwa juu yake.

"Kofia, nenda nyumbani," alisema. "Nitakuita."

Hakumwita. Ningependa kusema alimwita kesho yake, lakini hakumwita. Alienda yadi, akauza mbao, akawaambia watu nini cha kuvika kuta zao. Kila asubuhi alijiambia leo nitampigia, na kila jioni jua lilikuwa limepita na hakupiga. Kubomoa angekubali kubomoa chochote kile, hata jiko lake, hata kitanda chake cha ndoa. Ule ukuta alishindwa. Akajidanganya kwamba mvua zitachelewa, kwa sababu mwaka mmoja zilichelewa. Rundo la mtarakwa lilikaa uani limefunikwa turubai, na bibi kila alipopita kwenda kuanika vyombo alilitazama.

Mvua ziliwahi. Zilikuja mchana kweupe, watu wakiwa hawajaanua chochote, zikapiga ule ubavu wazi mahali kipande kilipodondoka, na jioni yake kulikuwa na mchirizi kutoka dirishani mpaka mguuni kwa kitanda. Siku zile zile wifi alifika na gari la kukodi. Hakugomba. Alikunja nguo za mama yake, zenye unyevu na zisizo na unyevu, akazitia kwenye mabegi mawili.

Bibi alikaa sebuleni akisubiri, amevaa sweta ya mwanawe. Mama Futi alikaa mbele yake kwenye kigoda, kama mtoto, ameshindwa kumtazama.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilishindwa kuubomoa. Nilijua unaupenda. Nilijua unalala pale kwa ajili yake."

Bibi alimgeuzia uso.

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya mwanao. Kazi ya mikono yake."

"Mwanangu nilimzaa," bibi alisema. "Mimi nina ukuta gani wa kumkumbukia? Nikifumba macho nipo naye." Akavuta pumzi, na ile pumzi haikufika mbali. "Nilikuwa nakuona asubuhi unaushika. Nikasema huyu hana kingine. Nikihamia chumba cha mbele ataona haya, atauziba kwa ajili yangu, na atabaki hana kitu. Nikakaa. Kikohozi nilikimalizia kwenye mto. Hata mto umechoka, maskini."

Alisema kwa utani, na hata akatabasamu. Mama Futi hakuweza. Alikuwa anasikia ule mlio wa alfajiri, dufu, dufu, na misumari mipya juu ya bati ambalo halikuwa na kosa lolote. Akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mama mkwe akalia, na bibi akampigapiga mgongoni mpaka wifi alipokuja kusema gari limewashwa.

"Nitarudi jua likitoka," bibi alisema mlangoni. "Kausha chumba changu."

Kesho yake kukawa na nafasi kati ya mvua mbili, na Mama Futi hakwenda yadi. Alichukua nyundo na tindo, akapanda ngazi ileile ya oili. Alianzia juu. Haikuhitaji nguvu, iliteremka kipande kwa kipande, vumbi jeusi, mapande ya mawimbi yakivunjika chini kwa mlio mmoja. Alilia na kugonga, akajifuta kwa kiwiko na kugonga. Majirani walitazama kutoka milangoni kwao, na mmoja alitaka kuja kumsaidia, mwenzake akamshika mkono. Jioni matofali yalikuwa wazi, mekundu na meusi, na yeye alikuwa na rangi moja na ukuta. Kipande cha kwanza tu ndicho alichokiweka pembeni, ndani, juu ya kabati. Kisha akampigia Kofia.

Walitundika turubai mbele ya ukuta na kuwasha majiko ya mkaa ndani ya chumba, madirisha wazi. Ilichukua muda mrefu kukauka kuliko ingekuwa kiangazi. Kofia alikuja kila mara kuweka sikio lake. Siku aliporidhika alichanganya saruji na mchanga, akapiga plasta ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, akaisawazisha kwa ubao, akaisubiri ishike kidogo. Kisha akatoa mfukoni kipande chake cha ubao chenye misumari na kuanza kukwaruza. Hakupiga mluzi. Alikuwa mtu mkimya.

Mama Futi alikaa juu ya ndoo akitazama. Alikuwa amejiandaa kuuchukia mkono wa fundi huyu. Kofia alipomaliza na kwenda kuosha vyombo, yeye aliingia ndani akateremsha kile kipande cheusi kutoka juu ya kabati, akakileta, akakisimamisha kwenye plasta mpya, wimbi kwa wimbi.

Mikwaruzo ilikuwa ileile. Kupanda kulekule, kushuka kulekule, na mahali mkono ulipofika mwisho wake mkwaruzo ulilegea vilevile na kugeuka. Alihamisha kipande mahali pengine, na pengine. Alitafuta tofauti kwa macho yale yaliyozoea kuona nusu inchi kwa mbali, na hakuipata. Alichokiita uchovu wa mume wake kilikuwa urefu wa mkono wa mtu yeyote. Alichokiita kugeuka kwake kumwambia kitu kilikuwa mwisho wa jukwaa. Mafundi wote wa mji ule walikwaruza hivyo, kila siku, kwenye kila nyumba, na kufunika.

"Mama?" Kofia alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko unadondosha maji. "Niiache hii kidogo, au?"

Mama Futi aligeuka. "Yeye alikuwa anaiacha muda gani?"

"Mpaka ikauke tu. Alikuwa hapendi kuiacha. Alisema ikikaa hivi anaona kama ametoka nyumbani hajafunga vifungo."

Mama Futi alicheka kwa pua. Kisha akakiweka kile kipande chini, kwenye kifusi pamoja na vingine.

"Maliza," alisema.

Kofia alimaliza. Na mbao za mtarakwa nazo zikapigiliwa juu yake, kwenye papi, na nafasi ya kiganja nyuma, kwa hiyo mvua zilizofuata zilipiga na kupiga na hazikupata njia. Chumbani kuvu halikurudi. Alipaka chokaa, akanunua godoro, akakiweka kitanda palepale ukutani, mahali pake, na mto mpya juu yake. Harufu ya unyevu iliisha kabisa mpaka akaikosa kidogo.

Jua lilipoanza kutoka, alipiga simu mchana mmoja kutoka chumba hichohicho. Wifi alipokea, akiwa na haraka kama kawaida yake, lakini kwa upole. Alisema mama hajambo, anakula, anaota jua kwenye baraza la chini, na tangu afike hawajamsikia akikohoa hata siku moja. Joto limemsaidia. Kisha akampa simu.

"Umekula?" bibi alisema.

"Nimekula, mama. Wali na maharage."

"Vizuri. Na ukuta?"

"Umekwisha. Umekauka."

"Uushike, uniambie."

Mama Futi aliinuka kutoka kitandani, akaweka kiganja ukutani upande wa ndani, pale lilipokuwa godoro la zamani. Ulikuwa mkavu na una joto la jua la mchana. "Mkavu, mama. Una joto. Unaweza hata kuuegemea. Chumba kinakusubiri."

Upande wa pili kulisikika kitu kama simu kuwekwa chini juu ya nguo, na kwa mbali, dufu, dufu, dufu. Kikatulia. Kikaanza tena, kirefu zaidi. Kisha bibi akarudi kwenye simu, sauti yake imepungua.

"Mama," Mama Futi alisema. "Ni nini hicho?"

"Upepo tu huo, mwanangu. Unapiga bati."

Nyumba ya wifi ilikuwa ya chini kabisa katika jengo la ghorofa, na familia mbili zikiishi juu ya dari yake ya zege. Mama Futi alisema ndiyo, mama, nimesikia. Aliendelea kusimama pale, simu sikioni, kiganja chake ukutani.